Madiwani wa Poplar na kura ya makabwela

Wasomaji wetu wengi walisikiapo jina la London hukumbuka Bunge lake, kasri la kifalme na ile saa kubwa iliyo kandoni mwa Mto Thames. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jiji lile, kama lilivyokuwa Jiji la Dar es Salaam hadi 2021, limegawanywa manispaa, na kila manispaa ina madiwani wake wanaochaguliwa wadi kwa wadi. Leo tumekusudia kueleza habari za uchaguzi katika manispaa moja miongoni mwa hizo, nayo ni ile ya mashariki ya jiji, kwenye gati na maghala, ambayo zamani ilikuwa manispaa tatu, Poplar, Stepney na Bethnal Green, na tangu 1965 imekuwa moja kwa jina la Tower Hamlets.

Tumeichagua kwa makusudi. Huko ndiko zilikoshushwa pembe za ndovu zilizotoka Unguja katika karne ya 19, zikawekwa katika maghala ya St Katharine. Huko ndiko mabaharia wa Kiafrika na Kiasia walikojengewa nyumba ya wageni mwaka 1857, barabara ya West India Dock. Fauka ya hayo, sehemu moja ya manispaa ile ni kipande cha ardhi kilichozungukwa na mto pande tatu na njia za maji za gati upande wa nne, nacho huitwa Isle of Dogs, yaani Kisiwa cha Mbwa. Wakaazi wake hujiita watu wa kisiwani, na kwa muda mrefu waliingia na kutoka kwao kwa madaraja ambayo yalifunguliwa kila jahazi lilipotaka kupita. Msomaji wa Visiwani hana haja ya kuelezwa zaidi tabia za watu kama hao.

Manispaa za London zilizaliwa kwa sheria ya 1899, na uchaguzi wake wa kwanza ulifanyika tarehe 1 Novemba 1900. Zilikuwa 28. Zilishika nafasi ya mabaraza ya parokia na bodi za wilaya, na ilikubaliwa kwamba uchaguzi uwe kila baada ya miaka mitatu. Lakini tusidanganywe na neno uchaguzi. Daftari la wapiga kura lilikuwa la wenye nyumba na wapangaji waliotambuliwa na mtoza kodi, na mtu aliyepokea msaada wa maskini alifutwa. Maana yake ni kwamba hamali aliyekosa kazi msimu wa baridi, akaenda kuomba mkate kwa ajili ya wanawe, alikuwa ameuza kura yake kwa mkate huo. Wanawake nao, ambao waliruhusiwa kuingia katika mabaraza ya zamani ya parokia, walitolewa na sheria hiyo hiyo ya 1899, wakarudishiwa haki ya kugombea mwaka 1907. Wazee wetu waliopanga foleni Julai 1957, tulipochagua wajumbe sita kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar, wanaume tu na tena wenye sifa za mali, umri au elimu, wanaweza kutambua mahali fikra zile zilikotoka.

Hata hivyo makabwela hawakukaa kimya. Mgomo mkubwa wa makuli wa London wa 1889, walipodai peni sita kwa saa, ulikuwa umekwisha kuwafunza kusimama pamoja, kama mgomo wa gati ya Unguja wa 1948 ulivyowafunza hamali wetu. Mwaka 1901 Will Crooks, mtoto wa Poplar aliyewahi kukaa katika nyumba ya maskini utotoni mwake, alifanywa meya wa Poplar, mtu wa kwanza wa chama cha wafanyakazi kuwa meya katika London. Mwaka 1903 aliingia barazani George Lansbury, ambaye jina lake halitenganiki na habari hizi. Lakini walikuwa wachache, na wachache katika baraza huweza kusema tu.

Mambo yaligeuka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sheria ya uchaguzi ya 1918 ilipanua daftari, ikawapa kura wanawake wengi waliotimiza miaka 30, na, jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, ikaondoa ile adhabu ya kumnyima kura mtu kwa sababu alipokea msaada wa maskini. Uchaguzi uliofuata wa manispaa, wa Novemba 1919, ndio uliokuwa wa kwanza chini ya daftari hilo jipya. Katika Poplar chama cha Labour kilipata viti 39 kati ya 42. Waliokaa katika viti hivyo walikuwa wafanyakazi wa gati na reli, watu wa vyama vya wafanyakazi, mwalimu, wake wa nyumbani. Lansbury akawa meya. Katika Stepney jirani, ambako nako Labour ilishinda, meya alikuwa Clement Attlee, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1945.

Wapo wanaosema kwamba makabwela wakipewa baraza hawana wajualo kufanya nalo. Baraza la Poplar lilijenga mabafu, likatoa maziwa kwa watoto wachanga, likapanua maktaba, na mwaka 1920 likaamua kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayepokea chini ya pauni 4 kwa wiki, akiwa mwanamume au mwanamke sawa. Tunaomba msomaji alizingatie hilo la mwisho. Ilikuwa 1920.

Ndipo ulipokuja msiba wa ukosefu wa kazi. Ili kufahamu yaliyotokea yafaa kueleza kidogo namna fedha zilivyopatikana. Kila manispaa ilitoza kodi ya majumba, kulingana na thamani ya nyumba zilizomo. Kiwango kile kile cha kodi kilileta fedha mara kadhaa zaidi Westminster, penye majumba ya matajiri, kuliko Poplar, penye vibanda vya makuli. Lakini gharama za kuwalisha wasio na kazi zilibebwa na kila eneo peke yake, na walio wengi wasio na kazi walikuwa Poplar. Kwa hiyo maskini walitozwa kodi kubwa ili kuwalisha maskini wenzao, ilhali tajiri wa upande wa pili wa jiji, ambaye meli zake zilishushwa na makuli hao hao, alilipa kidogo. Juu ya mzigo huo, Poplar ilitakiwa kukusanya na kupeleka michango ya Baraza la Kaunti ya London, ya polisi, ya maji na ya mahospitali ya jiji zima.

Machi 1921 madiwani walikata shauri: watatoza kodi ya mahitaji ya Poplar, lakini ile michango ya juu hawataitoza. Walijua kwamba wanavunja sheria. Walipoitwa Mahakama Kuu tarehe 29 Julai hawakwenda kwa siri wala kwa kujificha nyuma ya mawakili. Walitoka Poplar kwa miguu, mbele akienda mbeba siwa ya baraza, meya Sam March na mkufu wake wa cheo shingoni, bendi ikipiga, na wananchi wapatao elfu mbili nyuma yao, chini ya bango lililotangaza kwamba baraza linakwenda mahakamani na labda gerezani. Sisi watu wa mwambao tunajua uzito wa siwa. Huipigi wala huitoi nje ila pana jambo.

Mapema Septemba walikamatwa, jumla yao 30. Wanaume 25 walipelekwa gereza la Brixton na wanawake 5 gereza la Holloway. Miongoni mwa wanawake alikuwemo Nellie Cressall, mja mzito, ambaye ilibidi serikali imtoe kabla ya wenzake kwa kuona haya, na Minnie Lansbury, mwalimu wa skuli, mke wa mtoto wa George Lansbury. Wananchi walikusanyika nje ya Brixton jioni, wakaimba, na Lansbury akawahutubia kupitia nondo za dirisha. Baraza halikuvunjika. Lilidai haki ya kufanya vikao, na wanawake wakaletwa kwa gari kutoka Holloway ili akidi itimie, na kumbukumbu za vikao zikaandikwa ndani ya gereza. Katika kusoma kwetu habari za serikali za mitaa za nchi mbali mbali hatujapata kukutana na kikao kingine cha namna hiyo.

Ikumbukwe kwamba si viongozi wote wa chama chao waliowaunga mkono. Herbert Morrison wa Hackney, naye mtu wa Labour, aliona kwamba kuvunja sheria kutakiharibia chama jina mbele ya wapiga kura. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na kila aliyewahi kushika dhamana ya chama anaifahamu. Lakini Stepney na Bethnal Green zilipiga kura kuifuata Poplar, na serikali ikaona moto unaenea. Tarehe 12 Oktoba 1921 madiwani waliachiwa bila ya kuomba radhi, na kabla ya mwaka kwisha ikapitishwa sheria iliyoeneza gharama za msaada wa maskini juu ya London nzima, tajiri na maskini. Minnie Lansbury alikufa tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kuugua.

Novemba 1922 ulikuja uchaguzi mwingine. Katika manispaa nyingi za London Labour ilipoteza viti ilivyovipata 1919. Poplar ilibaki na madiwani wake.

Hapa pana jambo linalowahusu maofisa wanaosoma safu hii. Kile kima cha pauni 4 hakikuwapendeza wakaguzi wa hesabu. Bei za vitu zilipokuwa zimeshuka, mkaguzi wa serikali alisema kwamba baraza linawalipa wafanyakazi wake kupita kiasi, akaagiza madiwani wailipe ziada hiyo kutoka mifukoni mwao. Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Baraza la Malodi, ambalo mwaka 1925 lilimpa ushindi mkaguzi. Walisema madiwani hawana ruhusa ya kutumia fedha za walipa kodi kwa kufuata fikra zao za ujamaa na za usawa wa wanawake. Wanafunzi wa sheria husoma hukumu hiyo hadi leo. Sisi tunakubali kwamba fedha ya umma lazima ikaguliwe, na baraza lisilokaguliwa ni duka la wezi. Lakini wananchi wa Poplar walikuwa wameulizwa mara mbili, 1919 na 1922, na mara zote mbili walijibu wakijua wanachojibu. Mkaguzi hakuulizwa na mtu.

Miaka ya 1930 ilileta hatari ya namna nyingine. Mafashisti wa Oswald Mosley waliamua kuvuna chuki dhidi ya Wayahudi wa Stepney na Bethnal Green, na tarehe 4 Oktoba 1936 wananchi waliwazuia kupita barabara ya Cable Street. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi wa kaunti wa Machi 1937, mafashisti walipata karibu robo ya kura katika sehemu ya Bethnal Green, wasipate kiti hata kimoja. Novemba ya mwaka huo huo Stepney ilimchagua Phil Piratin, mkomunisti, kuwa diwani. Wayahudi wengi wazee hawakuwa na kura, kwa kuwa walihesabiwa wageni hadi wapate uraia, na jambo hili tutalirudia. Kisha vita vikaja, chaguzi zikasimamishwa, na mabomu yakaziteketeza nyumba za wapiga kura. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa Novemba 1945.

Sheria ya 1963 ilizifuta manispaa za zamani. Madiwani wa Tower Hamlets walichaguliwa Mei 1964, wakaanza kazi Aprili 1965. Kwa miaka zaidi ya 20 Labour ilitawala hapo pasina kutishwa, na tunasema bila ya kificho kwamba utawala wa namna hiyo una maradhi yake: mgombea akishateuliwa huona kazi imekwisha, na mwananchi huenda ofisini kuomba nyumba kana kwamba anaomba sadaka. Machi 1970 watu wa Isle of Dogs, wakiongozwa na diwani wao Ted Johns, waliyafunga madaraja kwa muda na kutangaza, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu, kwamba kisiwa chao kimejitenga. Walimwita Johns rais. Walichokuwa wakilalamikia ni mabasi, skuli na huduma nyingine za kawaida kabisa. Gati zao zilifungwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata serikali kuu ikaunda shirika la kuendeleza eneo hilo, ambalo wakubwa wake waliteuliwa na waziri, na madaraka ya kupanga ujenzi yakaondoka mikononi mwa madiwani hadi 1998. Minara ya mabenki ya Canary Wharf ilipanda mahali palipokuwa na maghala ya sukari. Diwani wa pale aliweza kuitazama tu.

Wapiga kura nao walikuwa wamebadilika. Katika barabara ya Brick Lane kuna jengo lililojengwa 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Baadaye likawa la Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi, na tangu 1976 ni msikiti. Walioufanya msikiti ni Wabengali wa Sylhet, ambao wengi wa watangulizi wao walikuwa mabaharia. Tofauti na Wayahudi wa zamani, wao walikuwa na kura tangu mwanzo kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wana haki hiyo Uingereza. Jioni ya tarehe 4 Mei 1978, siku ya uchaguzi wa manispaa, Altab Ali, kijana mshona nguo, aliuawa kwa sababu ya rangi yake alipokuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Siku kumi baadaye watu wapatao elfu saba waliandamana nyuma ya jeneza hadi kwa Waziri Mkuu. Katika uchaguzi uliofuata, wa 1982, Wabengali wa kwanza waliingia barazani.

Mwaka 1986 Waliberali waliipindua Labour kwa wingi mdogo, wakaigawa manispaa sehemu saba, kila moja na kamati na ofisi zake. Walisema wanapeleka madaraka kwa wananchi. Neno hilo tunalifahamu, kwani Bara nako kulikuwa na madaraka mikoani tangu 1972, yaliyozifuta serikali za mitaa hadi ziliporudishwa 1984. Kugawa ofisi si kugawa madaraka. Katika baadhi ya sehemu zile saba, ugawaji wa nyumba uligeuka kuwa mashindano ya nani ni mwenyeji na nani mgeni, na karatasi za kampeni zikaanza kunuka.

Matokeo yalionekana tarehe 16 Septemba 1993, katika uchaguzi mdogo wa wadi ya Millwall, hapo hapo kisiwani. Derek Beackon wa chama cha wabaguzi wa rangi, BNP, alipata kura 1,480, na mgombea wa Labour 1,473. Kura saba! Miezi minane baadaye, Mei 1994, alishindwa, na Labour ikapata viti 43 kati ya 50. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba Beackon mwaka 1994 alipata kura nyingi zaidi kuliko alizopata aliposhinda. Hakushindwa kwa sababu watu wake walimwacha. Alishindwa kwa sababu wale waliokaa nyumbani Septemba walitoka Mei.

Mei 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka meya wa kuchaguliwa moja kwa moja mwenye madaraka ya utendaji, badala ya kiongozi anayechaguliwa na madiwani. Zaidi ya 60,000 walikubali, wasiofika 40,000 wakakataa. Oktoba mwaka huo alichaguliwa Lutfur Rahman, mgombea binafsi baada ya Labour kumwondoa katika ugombea, kwa zaidi ya nusu ya kura. Mei 2014 alishinda tena. Wapiga kura wanne wakafungua shauri la kuupinga uchaguzi huo, na tarehe 23 Aprili 2015 hakimu wa uchaguzi, Richard Mawrey, akaufuta, akamzuia Rahman kugombea kwa miaka mitano. Aliona kwamba kulikuwa na kura za watu wasiostahiki, maneno ya uwongo dhidi ya mpinzani, na fedha za ruzuku zilizotumika kama hongo. Rahman alikana, na polisi hawakumfungulia mashtaka ya jinai.

Aidha, hakimu alitaja kosa moja ambalo sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli hatuwezi kulipita: ushawishi haramu wa kidini. Maimamu na wanazuoni 101 walikuwa wametia saini barua katika gazeti la Kibengali kumuunga mkono Rahman. Sheria iliyotumika ina asili yake katika karne ya 19, ilipokusudiwa mapadri wa Ireland. Wako waliosema kwamba imamu ni raia kama raia wengine, na ana haki ya kusema anamtaka nani. Ni kweli. Lakini imamu akisema kumpigia kura fulani ni wajibu wa dini, huyo hasemi tena kama raia, na aliye mbele yake hana tena uhuru wa kukataa. Mstari uko hapo, ijapokuwa kama barua ile iliuvuka ni jambo ambalo watu wenye akili wamehitilafiana.

John Biggs wa Labour alichaguliwa meya Juni 2015, na tena 2018. Rahman, kifungo chake kilipokwisha, aligombea Mei 2022 kwa chama kiitwacho Aspire, akashinda, na chama chake kikapata viti 24 kati ya 45. Wananchi ndivyo walivyoamua, baada ya yote waliyoyasikia.

Tangu Mei 2023 mpiga kura wa England katika chaguzi za manispaa hutakiwa aonyeshe kitambulisho chenye picha kabla ya kupewa karatasi. Waingereza walibishana sana juu ya jambo hilo, kwa maneno ambayo sisi wa Visiwani tumeyasikia miaka mingi katika mabishano ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Na madhali Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, ndugu yetu aliye na ruhusa ya kuishi Tower Hamlets anaweza kujiandikisha na kumchagua diwani wa mtaa wake. Pasipoti ya Tanzania ni miongoni mwa vitambulisho vinavyokubaliwa mlangoni.